Mume wangu amenunua kisu cha kukunja kwa ada ya mtoto

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mafinga na mume wangu ambaye ni mwalimu wa sekondari. Hanywi, hana nyumba ndogo, jioni yuko nyumbani. Tatizo lake ni moja: visu vya kukunja vya zamani. Vile vya mfukoni vyenye mabapa mawili, matatu, mpaka sita, pamoja na vikorombwezo vyake: kifungulia kopo, kizibuo, na mdude fulani mrefu wenye ncha ambao hata sijui ni wa nini.

Alianza na kimoja alichoachiwa na babu yake, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, akapigana Burma. Kina mpini mweusi wenye vijimraba na kimepigwa chapa ya mshale na mwaka 1943. Na hicho sina ugomvi. Lakini sasa kabati la vyombo limegeuka ghala. Akisikia kuna mzee aliyewahi kumpikia mzungu kwenye mashamba ya chai, anapanda bodaboda kwenda kumuulizia. Akiitwa semina Mbeya, anapitia kwanza Sido kwa wauza vyuma chakavu. Januari alichukua laki nne na nusu tuliyoweka kwa ajili ya ada ya mtoto wetu mkubwa, akanunua kisu kimoja! Kina mpini mweupe na mabapa manne, na kwenye bapa kubwa kimeandikwa Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, England, na herufi G na R zenye taji katikati. Ada tulilipa kwa mkopo wa kikoba changu. Marejesho natoa mimi.

Nilipolalamika alinionyesha simu. Aliweka picha ya kile cheupe kwenye kundi la WhatsApp, na kuna mtu wa Dar anasema atatoa milioni tano, ila kitumwe kwanza kwa basi akikague. Mume wangu anasema mpini ule ni pembe ya ndovu, ndiyo maana bei imepanda. Nikamuuliza, kwani pembe si kosa? Akanijibu kwamba kitu cha zamani ni malikale, sheria haikigusi.

Kingine anachotamba nacho alikipata Tukuyu. Aliyemuuzia aliapa kwamba kiliachwa na askari wa Kijerumani wakati wa vita vya Mkwawa. Kimeandikwa Solingen na chini yake Rostfrei. Pia ana vyekundu vitatu vyenye msalaba mweupe, anasema ni vya jeshi la Uswisi.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja likizo, akaviona vimefubaa, akavisugua vingi kwa stili waya na sabuni ya unga mpaka vikang'aa. Shemeji yake hakusema naye wiki nzima. Majirani nao wameanza maneno: mwalimu gani anaweka visu arobaini ndani? Na huyu wetu mdogo wa miaka sita ameshajua vinapokaa.

Mjomba, hii ni mali au ni ugonjwa? Nimlazimishe auze vyote turudishe hela yetu?

Halafu kuna jambo dogo. Kile cha babu yake anakitumia kubebeshea, yaani kuunganishia, miche ya parachichi. Mimi naona anakiharibu, yeye anasema kisu kazi yake ni kukata. Nani yuko sahihi?

*Mke wa Mwalimu, Mafinga*

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Kamwene.

Barua yako inalia ada, na ada nitaifikia. Ila nilipokutana na huo mpini mweupe niliyaweka mengine yote pembeni. Kisu hicho kisipande basi. Mwalimu asimjibu tena mtu wa Dar, asipange bei na asikipeleke popote mpaka mjue mpini ni wa nini.

Kipande cha jino la tembo ni nyara ya serikali hata kikiwa kidogo kama kidole, na hata kikiwa kimechongwa kuwa mpini huko Ulaya kabla hatujazaliwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka mwenye nyara awe na kibali. Asiye nacho hushtakiwa kwa uhujumu uchumi, na mara ngapi tumesikia redioni mtu kafungwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara? Mwalimu anayepokea mshahara wa serikali, ana picha ya kisu kwenye simu na maandishi yake mwenyewe yanayosema "ni pembe, milioni tano", amemrahisishia kazi mwendesha mashtaka.

Hilo la malikale ni neno zuri lililowekwa mahali pabaya. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa vitu vilivyotengenezwa na binadamu, inachora mstari wake kwenye mwaka 1863. Kilichotengenezwa kabla ya hapo ndicho inachokilinda kama malikale, na ulinzi huo una vibali vyake na makatazo yake. Haumpi mtu ruhusa ya kuuza kwa WhatsApp. Tena kisu cha mumeo hakifiki 1863. Wewe mwenyewe umenipa ushahidi bila kujua.

Tazama neno England. Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na mwaka 1890 Marekani ikapitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa zinazoingia kwao zioneshe nchi zilikotoka. Kabla ya hapo mafundi wa Sheffield mara nyingi waliridhika na jina la kampuni na la mji wao. Baadaye ndipo England inazoeleka kwenye mabapa. Halafu hizo G na R zenye taji ni alama ya mfalme George. Rodgers walikuwa wakiuhudumia ufalme tangu George IV, miaka ya 1820, lakini kwa kuwa kisu kina neno England, huyo tunamtoa. Wanabaki George V, aliyetawala 1910 hadi 1936, na George VI, 1936 hadi 1952. Kwa hiyo mnacho kisu cha enzi za Mwingereza, enzi za walowezi wa chai wa Mufindi, na hapo inaingia akilini kwamba mpishi mmoja alipewa na bwana wake. Ni cha zamani, ndiyo. Cha kale kisheria, hapana.

Sasa, je, ni pembe kweli? Mumeo anaamini hivyo kwa sababu imani hiyo inampa milioni tano. Kampuni ile kweli ilikuwa na sifa ya kutumia meno ya tembo kwa wingi na kuyajaza ghalani, na katika karne ya 19 soko kubwa la meno hayo lilikuwa Zanzibar. Huwa nawaza kwamba kuna pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka nyanda zetu hizi zikaenda kuwa mipini Sheffield, na mpini mmoja mmoja ukarudi huku mfukoni mwa mzungu. Lakini Rodgers haohao walitengeneza mipini ya mfupa, ya pembe za kulungu, ya seluloidi, ile plastiki ya zamani, na ya mti mweusi. Mweupe pekee hautuambii kitu.

Mwambie akae dirishani mchana na kioo cha kukuzia. Mfupa una vitundu na vidoa vidogo vyeusi, vilikopita mishipa ya damu mnyama akiwa hai, na ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Ubavuni ina mistari laini inayojipinda bila mpangilio, na ukiutazama mpini kwenye ncha, pale ulipokatwa, unaweza kuona mistari ikipishana. Seluloidi ilitengenezwa kuiga pembe, kwa hiyo nayo wakati mwingine ina mistari, ila imenyooka mno na inafanana mno. Ukiisugua kwa dole gumba mpaka ipate joto kisha ukainusa haraka, hutoa harufu ya kafuri. Asijaribu ule ujanja wa sindano ya moto unaosimuliwa mitaani: seluloidi inashika moto upesi sana.

Ikiwa ni mfupa au seluloidi, mmepona. Ni kisu kizuri cha zamani, kwa bei ya kawaida. Ikiwa ina dalili zote za pembe, au hamna uhakika, msikitupe, msikifukie shambani, msikivunje, na msikibebe kwenda nacho mjini kumwonyesha mtu. Aende kwanza kwa wakili akiwa mikono mitupu, aeleze kilivyomfikia, kisha kupitia huyo wakili taarifa ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Laki nne na nusu zitakuwa zimepotea. Zihesabuni hivyo.

Na yule bwana wa Dar? Mtu anayetaja milioni tano kabla hajakishika kisu, halafu anataka atumiwe kwanza, ni tapeli, au ni mtu anayejua pembe na hataki kuonekana nayo barabarani. Sioni wa tatu.

Turudi kwenye kabati. Kisu cha Tukuyu si cha vita vya Mkwawa. Rostfrei ni kwa Kijerumani kusema chuma hakishiki kutu. Mkwawa alijiua Julai 1898. Chuma cha namna hiyo cha kutengenezea visu kilianzia Sheffield mwaka 1913 katika kazi za Harry Brearley, na kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilikuwa kwenye majaribio yake miaka hiyohiyo. Askari wa Kijerumani angekitoa wapi miaka kumi na tano kabla? Wajerumani walirudi nyanda za juu kusini kama walowezi katika miaka ya 1920, na kisu kinaweza kuwa cha mmoja wao, au cha baadaye zaidi. Akitazame kwenye shina la bapa, pale linapoingia kwenye mpini. Akikuta West Germany, basi ni cha baada ya 1949. Solingen ni mji wa visu haswa na kisu kinaweza kuwa kizuri. Kilichoongezwa ni kiapo cha muuzaji, na nina wasiwasi kiapo ndicho kilicholipiwa zaidi.

Vyekundu vitatu nitavipitia haraka. Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, alianza kulipatia jeshi la nchi yake visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile cha ofisa chenye kizibuo. Chekundu chenye msalaba ni cha ukoo wa hicho cha ofisa, ambacho jeshi halikuwa likikigawa, mtu alijinunulia. Askari wa Uswisi kuanzia 1961 walipewa cha alumini, cha rangi ya fedha. Tena jina Victorinox lenyewe lilianza kutumika 1921, kwa hiyo mtu akikuuzia chenye jina hilo na kusema ni cha 1900, mrudishie. Kama vya mumeo havina jina la mtengenezaji kabisa kwenye shina la bapa, basi ni vya dukani vya juzi. Ampe kila mjomba kimoja.

Cha babu ndicho kisu. Huo mdude mrefu wenye ncha ni wa kulegeza mafundo na kufumua kamba, kazi ya hema na ya mizigo. Mshale uliochongwa ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mwaka 1944 vikosi vya Afrika Mashariki vilishuka bonde la Kabaw kwenye matope ya mvua za Burma wakiwafukuza Wajapani, na Desemba wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Mzee akirudi kutoka huko na kisu mfukoni, hicho ni kitu cha ukoo. Sokoni hakina bei ya maana kwa sababu vilitengenezwa kwa wingi mno wakati wa vita, na hilo ni jema, hakuna ndugu atakayekigombania kwa ajili ya hela. Mwalimu aandike kwenye daftari jina la babu, kikosi kama kinakumbukwa, na mwaka aliorudi. Wanaokumbuka wanazidi kupungua.

Mdogo wako msameheni, lakini mumeo alikuwa na haki ya kununa. Bapa la zamani la chuma cha kawaida hujitengenezea rangi za aina mbili. Kutu nyekundu inakula chuma na inatakiwa itoke. Ule ukijivu uliotulia hauli chochote, na mkusanyaji anautafuta kwa sababu unamwonyesha kwamba kisu hakijachezewa. Stili waya inaondoa vyote viwili pamoja na maandishi ya mtengenezaji, na maandishi ndiyo nusu ya bei. Kutu ikitokea atumie tone la mafuta ya cherehani na kitambaa, aache lilale usiku kucha, afute, arudie. Mafuta ya kupikia yanaganda kwenye springi mpaka kisu kinakataa kufunguka. Na Mafinga kwenu na ule ukungu, visu visikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa wala kwenye ala ya ngozi, vitashika kutu humo humo. Vyenye mpini wa seluloidi avitenge na vingine, maana seluloidi ikizeeka hutoa hewa inayokula chuma cha jirani.

Unauliza ni mali au ugonjwa. Wazimu wa visu hivi ni wa zamani, na waliouanzisha ni watengenezaji wenyewe. Kwa Maonyesho Makuu ya London ya 1851 Rodgers walitengeneza kisu cha mabapa 75, kikubwa kiasi kwamba hakuna suruali inayoweza kukibeba. Kabla ya hapo, mwaka 1822, walitengeneza kingine chenye mabapa 1822, na kikawa kinaongezwa bapa kadiri miaka ilivyosonga. Hakifungui hata kopo moja la maharage! Mumeo ana wenzake duniani, wengi, na wengine wamepata hela. Lakini wanunuzi hao wako Uingereza na Marekani, na wanataka kisu chenye mabapa yote ya asili ambayo hayajaliwa na kinoo, springi inayopiga "ta!" bapa likifunguka na likifungwa, na mpini usiobadilishwa. Visu vyenu arobaini, vingi sasa vikiwa vimepita kwenye stili waya, haviwezi kurudisha ada kwa wiki moja. Ukimlazimisha auze vyote atavipeleka kwa mpima vyuma chakavu, mpate hela ya sukari na ugomvi wa miaka.

Kwa hiyo usimlazimishe. Mwambie deni la kikoba ni lake, na marejesho yaliyobaki yatoke kwenye mshahara wake kabla ya kitu kingine. Mpaka liishe hanunui kisu hata kama ni cha Mkwawa mwenyewe. Likiisha, mkae mpange kiasi cha mwezi ambacho hakigusi ada, chakula wala bima, na kiasi hicho hutakiuliza. Kila kisu kiingie daftarini: kimetoka kwa nani, lini, kwa shilingi ngapi. Mtu anayeandika bei kwa mkono wake mwenyewe hupunguza kununua bila kuambiwa. Vile vinavyofanana auze kimoja kimoja, aanze na vibovu. Kama ataendelea kuchukua hela ya watoto baada ya mazungumzo hayo, basi shida haipo kwenye visu, na hapo mwite mshenga wenu au mzee wa ukoo wake unayemwamini.

Majirani waonyeshwe. Mwalimu afungue kabati siku moja mchana, awaambie hiki cha babu na hiki cha Solingen, watachoka wenyewe.

Mtoto ni jambo la leo. Visu hivi vya zamani vingi havina kifunga bapa, springi peke yake ndiyo inayolishikilia, na mkono wa mtoto ukibonyeza vibaya linarudi kwenye vidole. Sanduku la bati lenye kufuli, funguo kwa baba.

Na kuhusu parachichi, wewe ndiye uliye sahihi, ingawa kwa sababu nyingine. Bapa la kisu cha Keya ni nene na limenolewa pande zote mbili, linaponda gamba la mche badala ya kulikata, na kikonyo kisipokaa vizuri kinakauka. Cha kubebeshea kinatakiwa chembamba, kilichonolewa upande mmoja, na kifutwe kwa spiriti kila baada ya miche kadhaa ili ugonjwa usihame. Maduka ya pembejeo ya Njombe na Makambako yanauza, na hicho ndicho kisu pekee ningemruhusu anunue mwezi huu.

*Mjomba*